Mafundi wa Nyumba za Nailoni

Habari za biashara ya maua ya Arusha husimuliwa kuanzia kwenye waridi. Mimi naanzia kwenye nguzo, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa. Kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini, kabla mama wa kwanza hajakabidhiwa mkasi wa kuvunia, sisi maseremala tulikuwa tumeshachimba mashimo, tumesimamisha miti, tumepiga kenchi na kuvuta nailoni juu yake. Leo naishi Ruhuwiko nilikozaliwa, upande huu wa Songea wenye uwanja wa ndege, na vijana wanaonijia kuuliza namna ya kujenga grinihausi hunipa shikamoo, kisha wananionyesha picha kwenye simu. Picha ni nzuri. Lakini hakuna picha inayoonyesha kilichomo ndani ya shimo la nguzo, na shimo ndilo linaloamua kama nyumba itasimama miaka miwili au kumi. Tuliojifunza mambo hayo pamoja tumebaki wachache, ndiyo maana nayaandika.

Useremala niliupata Peramiho, kwenye karakana za wamisionari wa Kibenediktini. Pale mwanafunzi alianza kwa kufagia maranda na kunoa patasi za wenzake, na hakuruhusiwa kukata ungio lake mwenyewe mpaka mwalimu aridhike na makali ya patasi hizo. Nilitoka najua kazi, ila kazi yenyewe ikawa haba. Wajomba zangu walikuwa Mbinga, na Mbinga ni kahawa. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa unagawa kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza ulivunjika, bei ikaporomoka dunia nzima. Mkulima wa Mbinga, ambaye hakuwahi hata kusikia mpango huo ulikubaliwa wapi, akaacha kuagiza milango na vitanda. Fundi hula kwenye mavuno ya wengine. Mavuno yakikosa bei, msumeno wake hulala.

Mwaka 1992 mtoto wa mjomba, aliyekuwa dereva Arusha, akaniandikia barua: huku kuna wawekezaji wanajenga nyumba za maua, wanatafuta watu wanaojua kutumia pima maji. Mama aliniomba nimsomee barua ile kwa sauti, akanyamaza kidogo, akauliza, "Maua yana baridi gani hata yajengewe nyumba?" Sikuwa na jibu. Nilifunga randa, patasi na nyundo kwenye gunia, nikapanda basi la alfajiri. Njombe tulipita katikati ya miwati na misonobari, Makambako tukaingia barabara kuu, halafu Iringa, Morogoro, Chalinze, Segera, Same, Moshi. Sikuwa nimewahi kuiona nchi yangu kwa urefu ule.

Shamba nililofikia lilikuwa kati ya Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru. Kitu cha kwanza nilichokiona pale ni mibuni iliyong'olewa, imelundikwa pembeni mizizi juu. Bei ileile iliyowavunja wajomba zangu Mbinga ndiyo iliyomfanya mwenye shamba wa Meru atafute zao jingine. Yeye alikuwa na benki ya kumkopesha. Wajomba walikuwa na mibuni yao tu, wakaendelea kuitunza kwa hasara mwaka baada ya mwaka, maana mbuni ukishaung'oa huwezi kuurudisha kwa msimu mmoja.

Wakati ule nchi ilikuwa inafungua milango. Rais alikuwa Mzee Mwinyi, sheria ya kuwavutia na kuwalinda wawekezaji ilikuwa imepitishwa mwaka 1990, na mashamba ya kwanza ya waridi ya kuuza nje yalikuwa yameanza Arusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kenya walikuwa wametutangulia mbali. Kwao maua ya biashara yalianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia nilipofika Arusha, Naivasha ilikuwa na watu waliozeeka kwenye kazi hiyo. Fundi mkuu wetu wa kwanza alitoka huko. Alituambia mapema kwamba waridi letu halitakuwa kubwa kama la Naivasha. Naivasha ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni baridi, ua hukua polepole na kichwa kinanenepa. Sisi tulikuwa kwenye mita 1,200 hivi, joto zaidi, kwa hiyo ua letu lilikomaa haraka na kichwa chake kilikuwa kidogo. Kichwa kidogo, bei ndogo. Tangu siku ya kwanza nyumba zetu zilitakiwa kugharimu kidogo, na ndipo mti ulipopata nafasi yake.

Nyumba za chuma zilikuwepo. Zilikuja kwa makontena kutoka ng'ambo, bomba zilizopakwa zinki, kila bomba na namba yake na kila nati na mfuko wake. Zilikuwa ghali, na shilingi yetu ilikuwa inashuka kila uchao. Mti ulikuwepo palepale. Tulitumia mikaratusi, ambayo sisi watu wa Songea tunaiita milingoti, na kwa kenchi tukatumia mbao za msaipresi. Nguzo za pembeni zilikuwa fupi, za katikati ndefu, ili paa lipate mwinuko wa kumwaga maji na pia nafasi ya hewa ya moto kupanda. Hili watu wengi hawalielewi. Ulaya nyumba ya kioo hujengwa ili kukamata joto. Sisi jua lilikuwa la kututosha na kubaki. Nyumba yetu ilikuwa ya kuzuia mvua isipige ua, kuzuia upepo, kupunguza makali ya jua la saa saba, na kuliacha joto litoke. Kwa hiyo kwenye kilele hatukuunganisha paa. Upande mmoja tuliuinua juu ya mwenzake, tukaacha mwanya mrefu kuanzia mwanzo wa nyumba mpaka mwisho. Ukisimama chini ya mwanya ule adhuhuri ulihisi hewa inavyovutwa kwenda juu.

Sasa nizungumzie shimo, kwa sababu humo ndimo nyumba nyingi zilimofia.

Mlingoti mbichi una nguvu, lakini ukikauka juani hupasuka kuanzia kichwani mpaka tumboni. Tuliukata, tukauacha ukauke taratibu kivulini, ncha zake tukazifunga kwa pete za waya mnene ili ufa usianze. Kisha kulikuwa na suala la mchwa. Nguzo bora zililetwa zikiwa zimeshalowekwa dawa kiwandani, zina rangi ya kijani. Zile zisizo na dawa tulizipaka oili chafu ya magari na lami kuanzia mguuni mpaka juu kidogo ya usawa wa ardhi. Fundi mkuu alikuwa na amri moja ambayo aliirudia kila asubuhi: usikate mguu wa nguzo. Dawa huingia nje nje tu, moyo wa mti haiufikii. Ukiikata nguzo upande wa chini unaufungulia mchwa mlango wa moyoni. Nguzo ikizidi urefu, chimba zaidi au kata juu.

Zege nalo. Watu hudhani zege ndiyo dawa ya kila kitu. Zege likiukumbatia mti bila kuacha njia ya maji, maji hukaa katikati yao, na mti huoza palepale usawa wa ardhi, mahali unyevu na hewa vinapokutana. Juu ni mzima, chini kabisa ni mzima, katikati umekuwa unga. Sisi tuliweka kokoto chini ya shimo, tukasimamisha nguzo, tukarudisha udongo kidogo kidogo huku tukiushindilia kwa mtaimbo, tabaka kwa tabaka. Mahali palipohitaji zege tulilipandisha juu ya ardhi na kulipa mteremko ili mvua isisimame kwenye shina la nguzo. Kazi hii ilikuwa ya polepole na wasimamizi waliichukia. Nilizikuta baadaye nyumba zilizojengwa kwa haraka kwenye mashamba mengine, nguzo zake zimebaki zinaning'inia kwenye waya za paa, miguu imekwisha.

Baada ya nguzo na kenchi ndipo ilikuja nailoni. Ilikuwa na unene wa maikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, na haikuwa nailoni ya dukani. Ile ya dukani jua la Ikweta huimaliza kwa miezi michache, inakuwa kavu na kukatika ukiigusa. Hii ilikuwa imechanganywa na dawa ya kuzuia miale ya jua, ikategemewa kudumu kama miaka mitatu. Ilikuja kwa marobota mazito yaliyobebwa na watu kadhaa begani, na kila robota lilikuwa na upande wa juu na upande wa chini. Upande wa chini ulitengenezwa ili umande wa usiku utiririke kuelekea pembeni, usidondoke. Tone moja likianguka juu ya ua lililofumba, ukungu wa kijivu huanza hapo, na ua hilo haliendi popote.

Tuliivuta alfajiri, kabla upepo wa Meru haujaamka. Watu upande huu, watu upande ule, na mmoja juu ya kenchi akitoa sauti. Tuliifunga kwanza kwa kulegeza, tukangoja jua lipande na nailoni ilegee zaidi, ndipo tukaikaza. Ukiikaza kwenye baridi, mchana itapwaya na upepo utaipiga mpaka ichanike. Ukiikaza kwenye jua kali kabisa, usiku itajikunja na kujichana yenyewe kwenye misumari. Kila msumari ulipitia kwanza kwenye kibao chembamba, halafu kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, halafu nailoni, ili kichwa chake kisikate. Na kila mahali nailoni ilipogusana na waya au mti tulipapaka rangi nyeupe, maana jua hupasha waya joto na nailoni huungua hapo kabla ya mahali pengine popote. Nilipojua hilo nikawa natembea chini ya paa nikitazama juu tu. Mpasuko wa kwanza nilijua utatokea wapi hata kabla haujatokea.

Nailoni ilikuwa na adui mwingine ambaye sisi wenyewe tulimkaribisha. Waridi hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama umemwagiwa sembe, na dawa yake ilikuwa salfa iliyopashwa moto usiku kwenye vyungu vidogo mpaka ikatoa mvuke. Mvuke wa salfa uliponya jani na kula paa. Ile dawa ya kuzuia jua iliyomo kwenye nailoni haipatani na salfa. Mabwana shamba walitaka salfa, mafundi tulitaka paa, na mwenye shamba alitaka vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Gata zilikuwa za mbao, zimetandikwa nailoni ndani, zikipeleka maji ya mvua kwenye bwawa. Maji hayo yalikuwa mali. Maji ya Meru yana floridi nyingi, na wenyeji wengi wa pale wana meno ya kahawia tangu utotoni kwa sababu hiyo. Waridi nalo lilipendelea maji ya mvua. Kwa hiyo paa lililopasuka lilikuwa hasara mara mbili, ua lililowa na bwawa halikujaa.

Sasa nieleze jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ambalo nadhani ndilo kiini cha yote niliyoyaona kule.

Waridi ni zao la wiki chache. Linavunwa mwaka mzima, kweli, ila fedha yake ipo kwenye wiki chache. Mashina yetu mengi yalikwenda Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer karibu na Amsterdam. Huko wakati ule maua yaliuzwa kwa saa kubwa ya ukutani ambayo mshale wake haukuhesabu muda, ulihesabu bei. Bei ilianzia juu na kushuka, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye aliyeipata mali. Mwezi wa pili, kabla ya tarehe 14, Siku ya Wapendanao, mshale ule ulisimama juu. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ulisimama juu tena. Mwezi wa sita hadi wa nane Ulaya ni kiangazi, bustani zao zina maua, watu wapo likizo, na mshale ulianguka mpaka bei ikafika mahali ambapo kuvuna kulikuwa hasara.

Kila kitu kilipangwa kurudi nyuma kuanzia tarehe 14 Februari. Waridi kwa joto letu lilitaka wiki kama saba tangu kukatwa shina mpaka kuchanua, kwa hiyo mkato mkubwa ulifanyika Desemba. Mwisho wa Januari chumba cha kufungashia hakikuzimwa taa. Akina mama, ndio waliokuwa wengi kwenye kuvuna na kufungasha, walipanga mashina kwa urefu, sentimita 30 hapa, 40 pale, 50 kule, wakayafunga ishirini ishirini na kuyaingiza chumba baridi. Mengine yalipanda ndege uwanja wa Kilimanjaro, KIA, mengine yalikwenda Nairobi kwa malori kupitia Namanga. Sisi mafundi wakati huo tulikatazwa hata kuegemeza ngazi. Ukiangusha nyundo juu ya tuta la Februari umeangusha mshahara wa watu wengi.

Kwa hiyo Februari fedha ilikuwepo, lakini paa halikuguswa. Julai paa lingeweza kuguswa: mvua zimeisha, ua halina bei, unaweza kulifunua tuta zima bila kuumiza mtu. Lakini Julai fedha ilikuwa imekwisha. Imelipa mikopo, imelipa mbolea, imelipa nauli za ndege, na bei ya kiangazi hailipi chochote. Fundi mkuu aliandika orodha ya mapaa yanayohitaji nailoni mpya, orodha ikapunguzwa nusu, kisha robo. Tukapewa viraka. Mapaa yaliyopita miaka mitatu yakatakiwa yapite mwaka wa nne, na wa tano. Nimewasikia watu wakisema mashamba yale yaliangushwa na magonjwa, na kodi, na nauli. Sibishani nao. Ila nilikuwa juu ya kenchi, na nililoliona ni kwamba msimu wa fedha na msimu wa ujenzi haikuwahi kukutana, na hakuna aliyeweka akiba ya kuikutanisha.

Mwaka 1997 mvua za El Niño zilianza Oktoba, zikakataa kuisha. Kenya na Tanzania barabara zilikatika, madaraja yakaenda. Kwetu mawingu yalikaa juu ya Meru wiki baada ya wiki, na waridi lililokatwa Desemba halikupata jua la kulikomaza. Mapaa ya viraka yalikuwa yamepwaya. Mvua nzito ikikuta nailoni iliyopwaya hutengeneza mfuko, maji yanajaa, mfuko unashuka, unavuta maji mengine. Usiku mmoja wa Januari 1998 tuliitwa na mlinzi. Kwa mwanga wa tochi tuliona mifuko ya maji imening'inia kati ya kenchi kama viwele vya ng'ombe waliokosa kukamuliwa, na mbao zinalia.

Kulikuwa na njia moja tu, kuichana mifuko kwa kisu ili maji yaanguke. Yangeanguka juu ya waridi lililobakiza wiki tatu kuuzwa. Msimamizi wa zamu alisema tungoje meneja afike. Fundi wetu, mzee wa Kimeru aliyechukua nafasi ya yule wa Naivasha, alimjibu kwa upole sana, "Mwanangu, kenchi moja ikivunjika itavuta wenzake. Hapa tunachagua tuta au nyumba." Akapanda. Sisi tukamfuata. Maji yalipoanguka yalilaza mistari mizima ya maua kwenye tope. Nyumba ilisimama. Nyumba ya jirani, ambayo hatukuiwahi, ililala yote kufikia alfajiri, nguzo zake zimevunjika usawa wa ardhi, palepale nilipopataja.

Mzee yule alipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali. Naliandika hili bila kulitaja shamba, lakini naliandika. Aliyeokoa nyumba aliandikiwa onyo, na aliyekataa kununua nailoni Julai hakuandikiwa kitu. Sisi wengine tulitia saini barua ya kumtetea, onyo likabaki kwenye faili lake. Aliendelea kuja kazini, anapima nguzo kwa timazi vilevile.

Februari ile mauzo yalikuwa mabaya na baada ya Machi wengi walipunguzwa. Hata hivyo kupunguzwa kulikuwepo kila mwaka. Kibarua alichukuliwa Novemba, akaachwa baada ya Siku ya Wanawake, na Novemba akarudi kupanga foleni getini upya kana kwamba hajawahi kushika mkasi. Mama aliyejua kutofautisha ua lililo tayari na lile litakalogoma kuchanua, kwa kulibonyeza tu kwa vidole viwili, alianza kila mwaka kwa mshahara wa asiyejua. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kilipopata nguvu kwenye mashamba, mambo ya mikataba na glavu yalianza kusogea. Yalisogea polepole.

Kuna jambo linalonisumbua mpaka leo. Vipande vya nguzo zile za kijani, zilizolowekwa kiwandani, vilikuwa vinaokotwa na vibarua na kupelekwa nyumbani kuwa kuni. Dawa ile ilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na haiishi kwa moto, inabaki kwenye moshi na majivu. Nailoni za zamani nazo, zilizopuliziwa viuatilifu miaka mitatu, ziliombwa na watu kwa ajili ya kuanikia mahindi na kuziba paa za vibanda. Hakuna kibao kilichowekwa, hakuna mkutano ulioitishwa. Nilikuja kujua habari za aseniki miaka mingi baadaye, kwa mtaalamu wa misitu aliyepita Songea. Kwa hiyo sasa kila kijana anayekuja kwangu jambo la kwanza ninalomwambia, hata kabla ya habari za shimo, ni kwamba kipande cha nguzo ya dawa kisiingie jikoni kwa mama yake.

Miaka ya 2000 ilipoanza, chuma kilizidi kushika nafasi. Mashamba yaliyopata mkopo yalinunua nyumba za bomba, na seremala akageuka kuwa mtu wa kukaza nati. Nilirudi Ruhuwiko. Mwezi wa nne mwaka 2010 nilisikia redioni kwamba volkano ya Iceland imefunga anga la Ulaya, ndege hazipai, na maua yanaharibika Nairobi kwa kukosa pa kwenda. Niliwafikiria akina mama wa chumba cha kufungashia. Baadhi ya mashamba ya waridi ya Arusha yamefungwa tangu hapo, na wenzangu waliobaki kule wananiambia kuna mahali ambapo nguzo zetu bado zimesimama peke yake, bila paa.

Hapa kwetu grinihausi ziliingia kwa kishindo, za kununua zikiwa tayari, na ahadi za nyanya tani nyingi. Nyingi zilichanika kwenye pepo za Agosti na Septemba, na zilizosalia zikaingiwa na mnyauko. Watu wakasema teknolojia hii si ya kwetu. Sikukubali. Songea ipo kwenye mwinuko unaokaribiana na ule wa Usa River, milingoti tunayo kila kilima, na nyanya ya wazi huku masika huliwa na baka jani, kwa hiyo anayekuwa na nyanya chini ya paa mwezi wa pili na wa tatu hupanga bei mwenyewe pale Soko Kuu. Hata maua yana siku zake. Tarehe 27 Februari, siku tunayowakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, mashada huhitajika, na baada ya Pasaka harusi zinaanza. Mama mmoja jirani yangu ameweka mistari michache ya waridi kando ya nyanya zake na waridi hilo halimdodei.

Zaidi ya hayo, sisi tuna kitu ambacho Arusha hawakuwa nacho. Mkulima wa Songea anauza mahindi kuanzia mwezi wa saba. Fedha yake inafika wakati mvua haipo na paa linaweza kuguswa. Ukijenga Julai, kabla pepo hazijakaza, umejenga wakati mfuko una kitu.

Kikundi cha vijana na akina mama ninaowasaidia kina nyumba za milingoti kadhaa sasa, nguzo zimekaushwa kivulini, miguu haijakatwa, tyubu za baiskeli chini ya kila kibao. Mwaka jana kijana mmoja alisimama kwenye kikao akasema, "Babu, samahani, sisi tunataka bomba za chuma. Miti ni mambo ya zamani." Nikamwambia chuma ni kizuri na siku wakiwa na uwezo wanunue, lakini nailoni ya juu ya chuma ina umri sawa na ile ya juu ya mti. Akaniuliza, basi fedha ya nailoni itatoka wapi baada ya miaka mitatu? Tulibishana mpaka jioni. Mwishowe walikubaliana kwamba katika kila tenga la nyanya litakalouzwa Februari na Machi, sehemu itakatwa palepale sokoni na kukabidhiwa mama mhazini, na haitoki kwa msiba wala kwa ada, inatoka Julai kununua nailoni tu. Kijana yule bado anadai sehemu hiyo ni kubwa mno. Mama mhazini anasema ni ndogo, na daftari lipo kwake.